Mkaguzi Mkuu wa Reli za Mezani

Wateja wa mjomba wangu wanamjua kama mtu mpole, msahaulifu kidogo, anayeongea kwa sauti ya chini ili asiwatie hofu. Hawajawahi kumwona Jumamosi.

Siku nyingine zote yeye ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba: dirisha moja, meza ndefu iliyobabuka, mashine ya kusagia inayolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, na rafu ya mataya ya jasi yaliyopangwa kwa mstari, kila taya na karatasi yake. Naishi kwake kwa sababu shule yangu iko mtaa wa pili, na huu ni mwaka wa tatu nakunywa chai ya asubuhi nikitazamwa na vinywa vya watu nisiowajua. Mwanzoni nilikuwa naviota. Sasa navisalimia.

Mjomba mwenyewe ana pengo upande wa kulia, kubwa tu, linaonekana akicheka. Mganga hajigangi. Ukimuuliza anasema atajitengenezea wiki ijayo, na "wiki ijayo" ya Mjomba ni mahali kama peponi, kila mtu anapasikia na hakuna aliyerudi kutusimulia. Kuna mzee mmoja, zamani alikuwa dereva wa lori, amekuja mara tano tangu muhula uanze kuulizia meno yake ya juu. Mjomba humkaribisha kiti, humuuliza habari za wajukuu, halafu humjibu kwa upole uleule, "Yako njiani, mzee wangu." Mzee anashukuru, anaondoka akiwa ameshika shavu.

Lakini treni ya mezani ya saa nne ikichelewa nusu dakika, Mjomba anaandika ripoti nakala tatu.

Chama chao cha reli za mezani kina wanachama saba kwenye daftari na wanne chumbani. Chumba chenyewe kiko juu ya duka la mikate, na kwa sababu tanuri liko chini yake, sakafu ni ya moto na kila kitu kinanukia mkate, mpaka treni. Kila mwanachama ametengeneza meza yake, yenye reli, nyumba, miti na watu wadogo wa plastiki, halafu meza zote zimeungwa kwa skrubu zikawa mfano wa kiatu cha farasi. Kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba. Siku ya kwanza niliuliza kwa nini themanini na saba, kwa nini wasiweke tisini kamili.

"Ndivyo ilivyo dunia nzima," Mjomba alisema, na akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Tisini ingegawanyika kirahisi," Kinyozi akaninong'oneza. "Na sisi hapa hatupendi kitu kirahisi, binti."

Huyo Kinyozi ni kinyozi kweli, mrefu, mcheshi, na kila akiingia kati ya meza anagonga kichwa kwenye taa ileile. Wa pili ni Mwokaji, mwenye duka la chini, mtu mnene wa maneno machache anayeamka saa tisa usiku kukanda unga, na chumba ni chake, ingawa ukimwona anavyobisha hodi kabla ya kuingia utadhani ni mpangaji. Wa tatu ni Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Yeye ndiye katibu. Ana kalamu nne za rangi tofauti na macho yanayoona mtu anayetafuna akiwa amefunga mdomo.

Wa nne ni Mjomba, Mkaguzi Mkuu. Cheo hicho amekishika miaka minane. Kina kofia yenye utepe, kina filimbi, na kina kitabu: *Kanuni za Usalama*, kurasa sitini na mbili, alizotunga yeye mwenyewe peke yake na kisha kuzipigia makofi. Chini ya kanuni hizo, treni ikianguka ni ajali. Si mchezo ulioharibika, ni ajali. Saa inasimamishwa. Hakuna anayegusa kitu mpaka mchoro uchorwe. Chai inafunikwa na sahani na haifunuliwi mpaka mkosaji apatikane. Na mkosaji hupatikana, kwa sababu Mjomba hapendi chai ya baridi.

Kinyozi aliwahi kupewa wiki sita za kusafisha reli kwa sababu ya unywele mmoja. Ulitoka kwenye nguo zake, ukajizungusha kwenye ekseli ya behewa la mizigo, behewa likagoma. Mjomba aliutoa kwa kibano, akaupima, akautia kwenye bahasha na kuandika tarehe. Tangu siku ile Kinyozi haruhusiwi kuingia bila koti la mvua lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Juu ya tanuri la mikate.

"Nikifa," Kinyozi husema, "mwandike nilifia usalama."

Mwokaji naye alipata mwezi mmoja. Unga ulikutwa kwenye reli zake, umeme ukakatika, abiria wa plastiki wakakwama njiani dakika nne. Alijitetea kuwa yeye ni mwokaji. Mjomba alijibu kuwa sheria haiangalii kazi ya mtu.

Jumamosi mimi hukaa kwenye benchi la ukutani, ambalo kanuni zinaliita Benchi la Abiria. Abiria wanaruhusiwa kutazama, hawaruhusiwi kusema. Naenda kwa sababu napenda kuona, siwezi kuficha. Mahali pengine pote watu wazima wananikataza kufanya mambo. Pale nawaona wakikatazana wenyewe. Mke wa Mjomba, ambaye namwita Anti, alikwenda mara moja tu. Alirudi akavua viatu, akakaa, akasema, "Nina miaka ishirini na miwili na mjomba wako. Hajawahi kuniuliza kama nimechoka. Lakini kile kichwa cha treni cha kijani kikipata joto, anakipepea kwa gazeti."

Treni ya kweli Mjomba ameipanda mara moja. Alirudi amenuna. Iliondoka sekunde arobaini kabla ya saa. Aliwaandikia barua, hawakumjibu, na anaamini walikosa la kujitetea.

Sasa, ili ajali ya juzi ieleweke, inabidi niseme jambo ambalo wanachama hawakulijua, ila mimi nilikuwa nalijua kwa sababu tunakula meza moja.

Kando ya reli za meza ya Mjomba kuna mawe ya kilomita. Kwa makubaliano yao, kila sentimita ishirini ni kilomita moja, na kila kilomita ina jiwe lake dogo jeupe lenye namba nyeusi. Aliwaambia wenzake kuwa ni mawe ya kauri, ameyaagiza nje, yamekaa njiani miezi miwili. Waliyastaajabia sana. Mwalimu aliandika pongezi kwenye muhtasari kwa kalamu ya kijani, ambayo haitumii hovyo.

Yalikuwa meno. Mengine yalibaki kwenye pakiti, mengine wateja waliyakataa. Nilimwona Jumapili moja mchana, chumba cha chama kikiwa kitupu, akiyapanda, kichwa chini, ile sehemu ya kutafunia imefukiwa kwenye udongo wa bandia na kitako kikiwa juu, amekipaka rangi na kukiandika namba. Hakutumia gundi. Alitumia nta yake ya kazini, ile ya waridi. Kifungu cha tisa cha kanuni zake kinasema kila kitu kilicho kando ya reli kigandishwe kwa gundi.

"Si umeandika gundi, Mjomba?"

"Hii ni ya muda tu. Nitagandisha vizuri wiki ijayo."

Kwa nini hakuwaambia wenzake kuwa ni meno, sikujua. Nadhani aliona aibu Mkaguzi Mkuu kuonekana ana kazi nyingine.

Jumamosi iliyopita, saa nne kamili asubuhi, alivaa kofia, akapuliza filimbi na kuitoa treni ya haraka: kichwa cha kijani na mabehewa matatu ya abiria. Anaiendesha kwa kuzungusha kitufe kimoja, lakini anakizungusha kwa uso wa mtu anayetoa mtoto kwenye kisima. Treni ikapita kwa Mwalimu, ikapita kwa Kinyozi, ikaingia meza ya Mjomba, kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya meza ile kuna kona, halafu linaanza eneo la Mwokaji, lenye mlima mkubwa mweupe wa jasi. Mwokaji aliujenga mwaka mzima, kila siku baada ya mikate ya asubuhi kuuzwa. Una njia nyembamba, una mapango, una mbuzi wanne wadogo kama punje za mchele.

Pale kilomita ya nne pakasikika *tak*. Kichwa cha treni kikaruka, behewa la kwanza likakifuata, la pili likabingirika na kulala ubavu juu ya stesheni.

"Mikono juu," Mwalimu akasema.

Wote wakainua mikono, ndivyo kanuni inavyotaka, ili isisemekane mtu ameshika kitu. Wakasimama hivyo watu wazima wanne, mikono hewani, mmoja wao na koti la mvua, kama waliovamiwa na jambazi mwenye kimo cha kidole. Mwalimu akasimamisha saa. Kinyozi akaifunika chai.

"Majeruhi?"

Kinyozi akainama. "Sita wamelala chini. Mmoja hana mguu."

"Huyo hakuwa na mguu tangu atoke kwenye boksi," Mwokaji akasema.

"Basi watano, na mmoja wa zamani," Mwalimu akaandika. "Mwendo?"

Hapo ndipo nilipoona uso wa Mjomba. Kwa miaka minane yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Kifungu cha kumi na nne kinasema treni ikianguka kwa kosa la mwenye meza, mwenye meza anavuliwa cheo na kusafisha reli miezi mitatu. Anavua kofia mbele ya wote, anakabidhi filimbi. Mjomba alikitunga akiwaza watu wengine, kama wanavyofanya watunga sheria wote. Sasa alikuwa amesimama kwenye meza yake mwenyewe, na jino namba nne halikuwepo mahali pake. Palikuwa na tundu dogo la waridi.

Akaegemea meza. Akaegemea polepole, kama mtu aliyechoka, na kiwiko chake kikatua juu ya tundu lile.

Mwalimu akapekua reli kwa kibano na lenzi. Alipofika kwenye kona akasimama, akainua kitu kidogo na kukiweka kwenye karatasi nyeupe. Magurudumu yalikuwa yamekisaga upande wenye namba, na vumbi la mlima lilikuwa limekifunika. Kilichobaki kilikuwa kinundu chenye rangi ya maziwa yaliyokaa.

"Milimita nane," akasema. "Zidisha mara themanini na saba. Ni jiwe la karibu sentimita sabini katikati ya njia." Akalitazama tena. "Linaonekana kama jasi."

Wote wakageuka kuutazama mlima wa Mwokaji. Na ni kweli, mlima ule unapukutika. Kila mtu anajua unapukutika, hata mbuzi wake wamehama mara mbili.

Mwokaji akabadilika rangi. Yeye alikwisha kupata kosa la kwanza, lile la unga. Kosa la pili, kinachosababisha ajali kinavunjwa kwa nyundo. Ni kanuni. Nyundo yenyewe inaning'inia ukutani, ina utepe kama wa kofia.

"Huo mlima niliupaka vanishi," akasema. Akasogea, akasimama kati ya mlima na nyundo.

"Tusimhukumu mtu haraka," Mjomba akasema kwa sauti yake ya wateja. Akautazama mlima. "Ila jasi ni jasi."

Nilidhani anatania. Nilidhani atacheka sasa hivi na kuondoa kiwiko. Niliinua mkono.

"Abiria wakae," Mjomba akasema bila kunitazama.

"Binti amekaa," Kinyozi akamwambia. "Ameinua mkono tu. Leo kila mtu ameinua mkono."

"Abiria hawasemi. Tuendelee. Mwalimu, andika kuwa kipande kinafanana na jasi ya mlima."

Hapo Mwokaji akachukua lenzi. Mikono yake ni mikubwa, lenzi ilipotea ndani yake. Akakitazama kile kitu kwa muda mrefu, kama anavyoutazama mkate ulioungua chini ili kujua ni kosa la moto au la mtu.

"Hiki si changu," akasema.

"Kila mtu husema hivyo," Mjomba akamjibu.

"Sisemi kwa kujitetea. Nasema kwa sababu hiki ni kibaya. Jasi yangu naichekecha mara mbili, inakuwa laini kama unga wa keki. Hiki kina mabonde. Kimepinda. Aliyekifanya alikuwa anasinzia."

Mjomba akakohoa.

"Hebu," Kinyozi akasema, akachukua lenzi naye. "Kweli bwana. Kama punje ya mahindi iliyotafunwa ikatemwa."

"Na rangi," Mwokaji akaendelea. Alikuwa ameona mlango na alitaka kupita. "Angalia rangi. Mlima wangu ni mweupe. Hiki kina umanjano, kama kitu kinachoumwa."

"Andikeni tu kuwa ni jasi," Mjomba akasema. Shingo yake ilikuwa imeanza kuvimba.

"Kina mtaro katikati," Mwalimu akaongeza. Yeye hakuwa na nia mbaya, anapenda tu hesabu ziwe kamili. "Mtaro wenyewe haujanyooka. Kama umechimbwa na mtu kwa msumari."

"Fundi wa kubahatisha," akasema Kinyozi.

"Mwanagenzi," akasema Mwokaji.

"Hata mwanagenzi. Mwanagenzi angeona haya."

Nilikuwa namtazama Mjomba. Alikuwa amekaza midomo mpaka ikawa mstari. Angekaa hivyo dakika mbili zaidi, mlima ungevunjwa na kofia ingebaki kichwani mwake. Alijua. Kiwiko kilikuwa bado mahali pake, kimekanyaga ushahidi kwa nguvu zote.

"Mimi nafikiri," Kinyozi akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali, "kitu kibaya kiasi hiki kimetoka kiwandani, kwenye mashine iliyoharibika. Mkono wa binadamu hauwezi—"

"Kiwandani?" Mjomba akasema.

Alisema polepole. Halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto, akakitwaa kile kitu kutoka kwenye karatasi, kwa vidole vitupu, kinyume cha vifungu visivyopungua vitatu.

"Kiwandani. Hili ni gego dogo la juu, la kushoto, la kwanza kutoka kwenye chonge. Huu mnaouita mtaro wa msumari nimeukata mimi, kwa mkono huu, chini ya lenzi, siku nzima. Wa kiwandani ni wa juujuu, chakula kinateleza. Mnasema haujanyooka. Wewe Mwalimu, wako umenyooka? Fumbua mdomo tuone. Jino la mtu halinyooki, linafuata lenzake la chini, kama mume na mke. Na rangi." Hapa akahitaji mikono yote miwili ili kuonyesha, na kiwiko kikaondoka mezani chenyewe. "Rangi ni tatu, moja juu ya nyingine. Chini umanjano kidogo, katikati maziwa, juu kama kioo. Kwa sababu mtu wa miaka sitini hawi na meno meupe kama sahani. Meno meupe kama sahani ni ya fundi asiyejua kazi. Mteja alilikataa hili. Alitaka sahani. Hakujua alichokuwa anakataa, na nyinyi pia hamjui."

Alipumua. Pengo lake lilikuwa wazi, na karibu nalo, kati ya vidole, lilikuwa lile gego zuri.

Chini, kwenye duka, mtu aliomba mikate miwili.

"Kwa hiyo ni lako," Mwokaji akasema.

Mjomba akatazama meza. Lile tundu la waridi lilikuwa limebaki wazi, kati ya kilomita ya tatu na ya tano.

"Ni langu."

"Na haya mengine?" Mwalimu akauliza, akionyesha mstari wa mawe kwa kalamu. "Yaliyokaa njiani miezi miwili?"

"Ni meno."

"Nilitumia wino wa kijani," Mwalimu akasema. Naye akafungua muhtasari, akazifuta zile pongezi kwa mstari mmoja mwekundu, ulionyooka kabisa.

Kinyozi akafungua vifungo vya koti lake la mvua, kimoja kimoja, akalivua na kulitundika kwenye ile nyundo. "Mkuki kwa nguruwe," akasema. Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Basi nilidhani sasa watamla mzima. Badala yake Mwokaji, ambaye mlima wake ulikuwa umepona, akakaa kwenye kiti kwa kishindo, akajifuta jasho na kusema, "Tusameheane jamani. Chai inapoa. Tumpe wiki mbili, yaishe."

"Naunga mkono," Mwalimu akasema.

"Wiki mbili?" Mjomba akashtuka kama aliyetukanwa. "Wiki mbili za nini? Kinyozi nilimpa wiki sita kwa unywele mmoja."

"Nazikumbuka," Kinyozi akasema.

"Kwa unywele. Hili ni gego." Akafungua kitabu chake, ingawa hahitaji kukifungua. "Kifungu cha kumi na nne, miezi mitatu. Na kifungu cha ishirini, kuficha ushahidi, mwezi mmoja zaidi. Nimeweka kiwiko pale dakika kumi na moja. Andika."

"Hatukuona kiwiko," Mwalimu akasema.

"Ndiyo maana nasema hamjui kuchunguza. Mtu anaegemea eneo la ajali mbele ya macho yenu, mnamwacha. Nyinyi mngekuwa kwenye reli za kweli, watu wangeisha."

Wakabishana. Mjomba alijishtaki kwa ukali ambao sijawahi kumwona akimshtaki mtu mwingine, na huyu ndiye aliyemshtaki Kinyozi kwa unywele wa kwenye bahasha. Wao watatu walitaka wiki mbili. Yeye mmoja alitaka miezi minne. Kinyozi alipendekeza wapige kura. Mjomba akasema sheria haipigiwi kura, na hata ingepigiwa, mshtakiwa hana kura, kwa hiyo wao wanapendelea na yeye hapendelei. Mwalimu akaomba hoja hiyo irudiwe, akaifikiria, akashindwa kuipinga. Ilipofika saa saba, walikuwa na njaa, na harufu ya mikate ilikuwa inapanda kupitia mbao za sakafu. Wakamkubalia miezi minne yote.

Mjomba akafunga kitabu. Alikuwa ameshinda. Uso wake uling'aa kwa muda wa kama pumzi mbili, halafu akakumbuka ni kesi gani aliyoshinda. Akavua kofia. Chini ya utepe palikuwa na mstari wa jasho kwenye paji la uso wake. Akampa Mwokaji kofia, na filimbi, na kitabu, na akabaki amenyoosha mikono kama mtu anayengoja kitu kirudishwe.

"Sikutaka mimi," Mwokaji akasema.

"Hakuna aliyekuuliza," Mjomba akamwambia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza tu.

"Si uliwasikia walivyosema?"

"Walikuwa wanakutania. Kinyozi alishajua, mimi nilimwona."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni lako."

Akatembea hatua kadhaa. "Mtu anaweza kuniambia sijui treni," akasema. "Lakini msumari. Msumari."

Anti alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Hakukatiza. Mjomba alipofika kwenye meno ya kilomita, Anti akamwomba arudie, naye akarudia.

"Kwa hiyo yule mzee wa lori hana meno," Anti akasema, "ila mbuzi wa plastiki wanajua wako kilomita ya ngapi."

"Hayo ni mabaki. Yake ni mengine."

"Yake yako wapi?"

Mjomba akainama kufungua kamba za viatu.

"Na hukumu nani ametoa?"

"Mimi."

"Miezi minne ya kufuta na kusugua."

"Kwa pamba na spiriti," Mjomba akasema. "Reli haisuguliwi."

Anti akatoa kitambaa begani, akakiangalia, akamwangalia Mjomba, akakirudisha. "Hata sisemi," akasema, akaenda jikoni. Tulimsikia akicheka peke yake kule, kicheko kirefu ambacho hakikuwa na furaha yote.

Jumamosi hii Mjomba alitoka nyumbani saa nzima mapema kuliko kawaida. Nilipofika alikuwa ameinama juu ya meza ya Mwalimu, pamba mkononi, anafuta reli kipande kwa kipande. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye nywele ili zisidondoke. Kinyozi alikuwa amekaa kwa raha, mikono mitupu, anapepea kwa koti la mvua.

Mwokaji aliingia amevaa kofia. Ilikuwa ndogo kwake, ilikaa juu kama mkate uliozidi hamira. Mwanzo alitembea kwa aibu, akipita kando ya meza kama anayepita msibani. Halafu akajaribu filimbi, kidogo tu. Halafu akaipuliza vizuri. Nilimwona mgongo wake ukinyooka. Akarudi, akapitisha kidole kwenye reli za kona, akakitazama.

"Hapa hujafika," akasema.

"Nimefika," Mjomba akajibu bila kuinua kichwa. "Hiyo ni jasi yako."

"Hapa hujafika."

"Mlima wako unapukutika kila unapopumua, Mkaguzi. Nimefuta hapo mara tatu."

Mwokaji akafungua kile kitabu. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kwa sababu ndiyo kwanza anakisoma. "Kifungu cha nne. Msafishaji habishani na Mkaguzi. Kosa la kwanza, wiki moja zaidi." Akainua macho, na yalikuwa yamejaa mshangao wa mtu aliyegundua kitamu. "Kumbe kipo."

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu.

Mjomba alisimama wima na pamba yake. Aliangalia kofia, akaangalia kitabu, na nikaona midomo yake ikitembea: alikuwa anakisoma kifungu kile kimoyomoyo, kuona kama kina mwanya. Hakikuwa na mwanya. Alikuwa amekiandika vizuri.

"Kimetumika sawasawa," akasema, akachovya pamba kwenye spiriti na kurudi kwenye kona.